Kufuli la Njano

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wifi yako. Natumaini barua hii itakukuta umekaa penye upepo, goti limetulia, na shemeji ameacha kile kikohozi anachokiita vumbi. Uliniandikia kwamba mjukuu wako ameota meno mawili na tayari anauma watu. Mwambie babu yake wa huku anaogopa kuja.

Sisi hatujambo, kwa maana ile ya mtu anayesema "hatujambo" kabla hajaanza kueleza. Wifi yako ni mzima. Bado anagombana na jirani juu ya mti unaomwaga majani upande wetu, na ninaamini ugomvi huo ndio unaompa nguvu. Watoto wanapiga simu. Nyumba iko salama.

Utashangaa kupata karatasi badala ya kusikia sauti yangu. Kwa simu ungeniuliza maswali, nami ningesema "aa, si kitu," tukaishia kuzungumzia mvua. Karatasi hainikatizi. Mdogo wangu, nina hofu. Naliandika neno hilo mapema nisije nikalizunguka. Si hofu ya kupiga kelele. Ni ile unayoamka nayo, unakula nayo, unacheka na watu nayo imo tu. Lakini unanijua kaka yako: siwezi kukuonyesha jeraha kabla sijakueleza mkono unavyofanya kazi. Nivumilie kama ulivyozoea.

Umekuwa ukinitania miaka yote kwamba mimi ni fundi wa makabati yanayopanda na kushuka. Ni kweli, na sijawahi kukueleza zaidi ya hapo. Watu wanaopanda lifti za hospitali yetu huona mlango na vitufe. Nyuma ya mlango kuna shimo linaloanzia paa na kwenda mpaka chini ya sakafu ya chini kabisa: giza, harufu ya grisi na saruji mbichi, na hewa inayopanda polepole kama pumzi ya mgonjwa. Juu, kwenye paa, kuna chumba cha mashine. Humo kuna mota, gurudumu kubwa linalobeba kamba za chuma, na ukutani swichi kuu. Chini kabisa kuna kijishimo ambacho sisi tunakiita kisima. Fundi akishuka kisimani kupaka grisi au kukausha maji, lifti nzima inaning'inia juu ya kichwa chake. Hana pa kukimbilia. Ana pa kulala tu.

Kwa sababu hiyo tuna desturi moja, na nikisema desturi nataka uelewe kwamba kwetu ni kubwa kuliko sheria yoyote ya ofisini. Kila fundi ana kufuli lake, lenye rangi yake. La Mama Pacha ni jekundu, la Msomi la kijani, la Tembo la njano. Kabla ya kushuka shimoni unapanda kwanza kwenye chumba cha mashine, unazima swichi kuu, unaifunga kwa kufuli lako, na ufunguo unauvaa shingoni. Hakuna atakayewasha umeme mpaka wewe mwenyewe utoke, upande, ulifungue kwa mkono wako. Kufuli la mwenzako huligusi, hata kama ni ndugu yako, hata kama mkurugenzi amesimama nyuma yako anapiga mguu chini.

Upo ufunguo mmoja tu unaofungua yote. Huo hukaa kwa msimamizi, kwa ajili ya siku ambayo mtu ameenda nyumbani akasahau kufuli lake ukutani. Msimamizi hautumii mpaka amemwona mwenye kufuli kwa macho yake, nje ya shimo. Msimamizi ni mimi.

Nikutajie na wenzangu, maana bila wao hutaelewa. Mama Pacha ni fundi wa umeme, mama wa mapacha waliokwisha kuwa wakubwa kumshinda urefu. Ni mtu wa maneno machache. Msomi ndiye mwenye cheti kikubwa kutuzidi sote, kijana nadhifu ambaye hata grisi humkalia kwa adabu. Na Tembo ni mwembamba kama ufito wa ufagio. Jina alipewa kwa dhihaka akalipenda. Alikuwa akiingia kwenye lifti anatuambia tushuke wawili, maana uzito wake peke yake umeshavuka kiwango. Mimi nyuma ya mgongo huniita Rula. Wanadhani sijui. Nilikuwa najivunia jina hilo, kwa maana rula haipindi.

Sasa nikueleze lililotokea, nalo nitakueleza kama lilivyojulikana na watu siku ile.

Ilikuwa asubuhi, wakati wagonjwa wanapelekwa kupigwa picha. Lifti ya vitanda ilikuwa imezimwa, na Tembo alikuwa kisimani anakausha maji yaliyovuja. Mama Pacha alikuwa kwenye mlango wa chini, ameurudisha mlango ili wagonjwa wasichungulie, anampitishia vitambaa kila anapoitwa. Mimi nilikuwa juu. Ghafla umeme ukarudi. Muuguzi mmoja ghorofani, alipoona taa ya kitufe inawaka, akaita lifti. Ikamwendea, ikapakia kitanda na mgonjwa wake, ikaanza kushuka.

Tembo aliisikia mota kabla hajaiona lifti. Kitufe chekundu cha kusimamishia kilikuwa upande wa pili wa ngazi, mkono haukufika. Akalala kifudifudi ndani ya yale maji. Mama Pacha hakupiga kelele wala hakukimbia. Alichomeka ufunguo wa mlango akauvuta wazi, kwa sababu mlango wa lifti ukifunguliwa kwa nguvu, umeme wa usalama hukatika na breki hushika. Ilishika. Chuma cha chini ya lifti kilisimama juu ya mgongo wa Tembo, na nafasi iliyobaki ungeweza kuipima kwa kiganja. Mgonjwa kitandani, waliniambia baadaye, aliuliza tu kama wamefika.

Nilishuka ngazi kwa kusikia zogo. Nilimkuta Tembo amekaa sakafuni, nguo zinachuruzika, meno yanagongana, na muuguzi anamlazimisha kunywa maji. Nikamuuliza kufuli lake liko wapi. Akashika shingo: ufunguo upo. Tukapanda wote mpaka chumba cha mashine. Ukutani hapakuwa na kufuli. Tukatafuta sakafuni, kwenye sanduku lake la vifaa, kwenye kabati lake. Halikuonekana. Akasema alikuwa na hakika alilifunga. Kisha, kwa jinsi nilivyokuwa nikimtazama, akasema alidhani alilifunga.

Nikamsimamisha mbele ya wenzake nikamweleza. Unajua ninavyoeleza. Sikupandisha sauti, maana hilo nalo nilikuwa najivunia. Nilimwambia kufuli si chuma bali ni neno la mtu, na mtu anayeshuka bila kufunga anawaambia watoto wake kwamba hawana thamani. Nilimweleza hatua moja baada ya nyingine, kama mtoto wa shule. Nilimuuliza kama ameelewa. Alijibu kwa sauti ya chini kwamba ameelewa, na kwamba atakuwa alisahau, na akaniomba radhi. Mama Pacha alikuwa anatazama viatu vyake. Msomi alikuwa anaandika kitu. Mimi nilishuka nimeridhika kwamba nimemnusuru mtu kwa maneno.

Tangu siku ile Tembo hakuwa Tembo. Alipewa kufuli jipya. Akawa analifunga, anashuka ngazi mpaka katikati, anarudi kulitikisa. Anashuka tena, anarudi tena. Baadaye akawa anamwomba Mama Pacha aende kumtazamia, na Mama Pacha akirudi kusema limefungwa, anamuuliza ana hakika au anadhani. Utani wake ulikwisha. Akawa anaingia kwenye lifti kimya na kusimama kwenye kona kama abiria.

Mwishowe alinifuata karakanani, akafunga mlango. Alisema amemwandikia mkuu wa majengo aondolewe kwenye lifti apelekwe bustanini, akafyeke nyasi. Alisema mke wake amemkuta amepindua godoro anatafuta lile kufuli la njano. Kisha akaniambia maneno haya, nayo nayaandika kama alivyoyasema:

"Mzee, kichwa changu si cha kuaminiwa tena. Nitaua mtu. Bora nikafyeke."

Nilimwambia aende akapumzike, tutaongea. Akashukuru. Alinishukuru, mdogo wangu.

Sasa nakuja pale ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mwanzo wa barua, na kama uko karibu na kiti, kaa.

Siku mbili tatu kabla Tembo hajaja kufunga mlango ule, wifi yako alikuwa anafua. Aliloweka koti langu la kazi, akasikia kitu kinagonga ndani ya beseni. Akaja nalo mezani likiwa linadondosha maji ya sabuni, akanitania kama siku hizi nimeanza kufunga hadi mifuko. Lilikuwa kufuli la njano.

Nilisema nadhani ni la kazini, na ni kweli lilikuwa la kazini. Nililitazama mpaka chai ikapoa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Tembo siku ile yote. Kufuli hilo lingefunguliwa na ufunguo mmoja mwingine tu duniani, nao ulikuwa kiunoni kwangu.

Nikajitahidi kukumbuka. Ninachokumbuka ni hiki: Tembo ameegemea mlango wa chumba cha mashine, kikombe mkononi, ananiambia kazi imekwisha, mzee, washa. Namwona kabisa. Naona hata mvuke wa chai. Lakini asubuhi ile hapakuwa na chai. Hiyo ilikuwa jana yake. Kichwa changu kilichukua siku mbili kikazibandika pamoja kama kurasa zilizoloa, nami nikasoma ya juu nikidhani ndiyo ya chini. Kuhusu kufungua lenyewe, kulitia mfukoni, kuwasha swichi, sikumbuki lolote. Mkono ulifanya kazi, mwenyewe sikuwepo. Nyani haoni kundule, wahenga walisema; mimi langu nililitia mfukoni nikashuka nalo kwenda kumhutubia mwenzangu.

Ndipo hofu ilipoingia, na haikuingia kwa sababu ya aibu. Aibu ingekuwa nafuu. Niliogopa kwa sababu nilimkumbuka Baba, safari ile ya mwisho niliyokuja kumwona, amesimama sebuleni na kiatu kimoja, ananiuliza kwa heshima kubwa kama mwenye nyumba hii yupo.

Nikaanza kujichunguza, na mtu akianza kujichunguza hakosi kupata. Nilikuta nimeweka miwani ndani ya kopo la misumari. Nilisimama kwenye ngazi za hospitali, mkono kwenye chuma cha kushikia, nisijue kama napanda au nashuka. Nilimuuliza Msomi swali, akajibu kwa adabu, na katika adabu ile nikaona kwamba nilishamuuliza. Na wakati huo wote niliendelea kuwa msimamizi, ufunguo kiunoni, watu wakishuka kisimani kwa kuniamini. Kila asubuhi nilisema leo nitasema. Kila jioni nilipanga maneno. Nilijiambia kwamba Tembo akienda bustanini atakuwa salama kuliko shimoni, na uone jinsi mwoga anavyojua kumtakia mwenzake mema.

Kilichonisukuma ni kamba. Kamba za chuma za lifti ya vitanda zilikuwa zimefika wakati wa kubadilishwa, na kazi hiyo hufanywa na watu waliotawanyika, mmoja juu ya lifti, mmoja kisimani, mmoja kwenye mota, na kila mmoja roho yake iko mkononi mwa asiyemwona. Mkuu wa majengo aliniita akasema atakubali ombi la Tembo, na kwamba ataandika sababu: alisahau kufuli. Baada ya hapo hakuna shimo litakalompokea tena, hapa wala kwingine. Alitaka saini yangu. Nilimwomba anipe mpaka kesho.

Nilirudi karakanani nikawaita wote watatu. Walikaa kama wanavyokaa ninapotaka kuhutubu, yaani kila mtu na uso wake wa kuvumilia. Nilitoa kufuli la njano nikaliweka mezani kati ya vikombe. Nilikuwa nimeandaa utangulizi mrefu. Haukuja hata neno. Nikasema:

"Kufuli hili nililifungua mimi. Tembo hakusahau. Mimi ndiye ninayesahau."



Ungependa nikuambie kwamba walinisamehe, na ningependa kukuambia hivyo. Tembo alilichukua kufuli akaligeuza, akalitia ufunguo uliokuwa bado shingoni, likafunguka. Akalifunga, akalifungua. Kisha akaniuliza nimelipata lini. Nikamwambia. Akahesabu moyoni, nami niliona anapofika kwenye siku aliyokuja kunishukuru. Akasema bila kunitazama:

"Nilikuwa nalala na mwanga unawaka, mzee. Nikiogopa mikono yangu mwenyewe."

Akatoka. Hakubamiza mlango, na ningependa angebamiza.

Nilidhani baya limekwisha kusemwa. Kumbe lilikuwa linaanza. Mama Pacha akasema kwamba asubuhi ile alinisikia juu nikitikisa kishada changu cha funguo, chenye ule unaofungua yote, sauti ikishuka kwenye shimo kama inavyoshuka. Alijua. Alijua nilipokuwa namhutubia Tembo, na ndiyo maana alikuwa anatazama viatu. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayemweleza mgeni njia: nani angemwambia Rula kwamba amepinda? Akasema kwa miezi kadhaa amekuwa akipita nyuma yangu, akifunga milango niliyoacha wazi, akikaza skrubu nilizolegeza, na siku ile kisimani ndiyo ilikuwa siku moja aliyochelewa kupita.

Na Msomi, ambaye sikumtarajia kabisa, alianza kulia. Alilia kama mtu anayekohoa. Alisema hajui kurekebisha breki. Hajawahi kujua. Chuoni walionyeshwa mchoro, na alipokuja kwetu siku ya kwanza nilimuuliza kama anajua, kwa namna ambayo jibu lilikuwa moja tu. Tangu hapo amekuwa akimwomba Tembo amwelekeze kwa siri, na pale Tembo alipokuwa hayupo, alikuwa akikaza kwa kukisia. Nikamuuliza ni lifti ipi aliyoikisia mara ya mwisho. Akasema ya pili.

Mdogo wangu, wakati tunazungumza lifti ya pili ilikuwa inapanda na watu ndani.

Sikumbuki kuzikimbilia ngazi, lakini safari hii hata Mama Pacha hakumbuki, kwa hiyo usinihesabie. Tulizima lifti ya pili. Ilikutwa breki inashika kwa ukingo tu, kama mtu anayening'inia kwa kucha. Wauguzi walitulaani mchana kutwa wakibeba wagonjwa kwa machela kwenye ngazi, nami nilisimama chini nikizipokea laana zao kama mvua baada ya kiangazi.

Nimelifikiria sana jambo hili, na kwa kuwa ni wewe utaniruhusu nilieleze. Miaka yote niliamini kwamba watu wangu hawakosei kwa sababu niliwafundisha vizuri. Ukweli ni kwamba walikuwa wanakosea kama watu wote, ila mbele yangu hapakuwa na mahali pa kuliweka kosa. Kila mmoja alilitia mfukoni akaondoka nalo. Sikuwahi kumtukana mtu. Sikuwahi kumfukuza mtu. Niliwatisha kwa kuwa sahihi kila siku. Na nilipokiri udhaifu wangu sikuwapa ujasiri, kama watu wanavyopenda kusema. Niliwaondolea tu aibu ya kuwa wa kwanza. Kilichotoka baada ya hapo hakikuwa faraja. Kilikuwa kinatisha kuliko ukimya, kwa sababu sasa tulijua tumekuwa tukining'inia wapi.

Jioni ile Mama Pacha na Msomi waliniambia hawataki niende kwa mkuu wa majengo. Watanifunika, walisema. Mmoja atakuwa nami kila saa, hakuna atakayejua, nitamaliza utumishi wangu kwa heshima. Sitakudanganya, nililitaka jambo hilo kama mtu mwenye kiu. Walinipa kwa upendo. Lakini kunifunika ndiko walikokuwa wakifanya tayari, na kulimfikisha Tembo kwenye yale maji.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mkuu wa majengo nikamweleza yote, na karatasi ya Tembo nikaikataa. Alinisikiliza akiwa ameshika kalamu asiyoiandikia. Akaniuliza kama lifti zake ni salama. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na kwa mara ya kwanza nilijibu kwamba sijui, na kwamba tutajua tukizizima moja moja na kuzikagua. Akaninyang'anya usimamizi hapo hapo. Kuhusu kama nitabaki kufundisha au nitakwenda nyumbani, amesema ataniita. Bado hajaniita.

Nilipotoka nilimkuta Tembo amekaa ngazini. Nilidhani amekuja kuchukua barua ya bustanini. Alinyoosha mkono.

"Leta ule ufunguo, mzee."

Nikauvua kiunoni nikampa. Aliupeleka karakanani akauweka kwenye jiwe la kunolea, akausaga mbele yetu mpaka meno yake yakaisha. Sasa kufuli la mtu likibaki ukutani, mwenyewe anafuatwa nyumbani kwake, hata kama yuko kitandani. Kisha akasema atashuka kisimani siku ya kamba, ila mimi nikae kwenye mlango wa chini, kwenye kiti, mahali ambapo akiinua macho ataniona miguu. Sikuuliza kama ni adhabu au ni heshima. Nafikiri hata yeye hajaamua. Lakini alishuka, na nilikaa, na kila mara aliita kutoka gizani kuuliza kama nipo, nami nikajibu kwamba nipo. Kamba zimebadilishwa. Wote walitoka.

Nimekwenda kwa daktari pia. Alinipa picha nizitaje na saa ya kuchora. Saa sikuimaliza. Amesema ni mwanzo, na kwamba mwanzo unaweza kuwa mrefu. Wifi yako nilimweleza baada ya hapo. Alikwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka, kisha akarudi akakaa karibu yangu. Alisema alijua tangu siku ya beseni, akawa anasubiri nimwambie.

Na hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Wenzangu, Tembo akiwa wa kwanza, wameniuliza baba yetu alianzaje. Wanataka kujua waangalie nini: kama nitaanza kukosea majina au njia, kama nitakuwa mkali, kama nitakuwa na hakika sana pale ambapo sistahili kuwa nayo. Nilifungua mdomo kuwajibu nikakuta sijui. Wewe ndiye uliyekaa naye. Mimi nilikuwa mbali, na kila nilipouliza uliniambia Baba hajambo, amezeeka tu, usijisumbue, kazi yako ni ya hatari, usiwe na mawazo. Ulinifunika. Najua ulikuwa umechoka, na najua ni mimi niliyeuliza kwa namna ambayo jibu lilikuwa moja tu.

Sasa nakuuliza upya, na safari hii nataka kusikia. Niandikie alianzaje. Niandikie siku ya kwanza uliyoogopa. Niandikie yale aliyokutendea ambayo hukumwambia mtu, hata kama yananihusu, hata kama alikuita jina baya au alikuinulia mkono. Usipunguze chochote kwa ajili yangu. Barua yako nitaisoma kwa sauti karakanani mbele yao watatu, ili siku nitakapoanza kuwa Baba wanitambue mapema, wasiwe na haya ya kuniambia.

Nakuachia hapo kwa leo. Mpe shemeji mkono wangu, na wapwa zangu wote mmoja mmoja, na kwa huyo mwenye meno mawili angalia vidole vyako. Mungu akulinde na akupe mkono mwepesi wa kuandika. Nakaa nikiisubiri barua yako, nikiiogopa na kuitaka.

Ni mimi,
Kaka yako